Kilichoanguka Meza Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Viatu bado viko miguuni. Nikivivua nitalala, na nisipoandika leo, kesho nitajidanganya kwamba haikutokea.

Nimeangusha rili.

Niandike sawasawa. Chipu zetu ni ndogo kuliko punje ya mchele. Zinapangwa kwenye utepe, kila moja na kijishimo chake, halafu utepe unazungushwa kwenye gurudumu jembamba la plastiki. Ndiyo rili hiyo. Rili moja, chipu elfu tatu. Sisi meza namba mbili ndio mwisho wa safari: tunasoma lebo, tunalinganisha namba, tunatia rili kwenye mfuko wa rangi ya fedha na kapakiti ka kunyonya unyevu, tunafyonza hewa, tunafunga kwa moto. Hapo zimeshapita kwa Bembea, ile mashine inayozitikisa na kuzigeuza kuona kama zinajua zinakokwenda. Maana kazi yake ndiyo hiyo. Ukigeuza simu, chipu ndiyo inayoiambia simu, umegeuzwa. Ukitembea, inaiambia saa ya mkononi, huyu anatembea. Ukianguka — ameanguka.

Na zenyewe hazitakiwi kuanguka! Ndani mna kitu chembamba kuliko unywele, kinaning'inia, kinacheza. Rili ikipiga sakafu kile kitu kinaweza kunasa. Kwa nje huoni hata mkwaruzo. Ndiyo maana ukutani wameandika kwa herufi nyekundu kubwa KILICHOANGUKA KIMEKUFA. Ukiangusha unaweka kwenye kreti nyekundu, unaandika kwenye kitabu cha msimamizi: jina, saa, namba ya rili. Basi. Mtoto wa chekechea anaweza.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Lori getini linanguruma. Msimamizi anapiga makofi kama anafukuza kuku — haya akina mama, haya, haya! Nikageuka na rili mkononi. Nikasahau ile kamba ya mkononi inayotoa umeme mwilini. Bado nimefungwa mezani kama mbuzi! Ikanivuta, rili ikaruka. Pa! Ubavu kwa sakafu.

Nikaiokota. Nikaipangusa kwa mkono wa koti. Kuipangusa! Kama mtoto aliyejikwaa, unampangusa magoti unamwambia haikuuma, haikuuma. Halafu mfukoni, moto, boksini. Lori likaondoka.

Kitabuni nina mbili tayari mwaka huu. Ya tatu wanakutoa mezani. Wanasema utapangiwa kazi nyingine. Miaka sita nipo pale, sijamwona aliyepangiwa.

Mwenzangu wa mezani, Mama Pacha, alikuwa ameinamia mashine ya kufungia. Yule binti mpya tunayemwita Mgeni alikuwa chooni. Hakuna aliyeona ila Mungu, na Mungu hana kitabu — hapana. Nafuta hiyo. Anacho.


Jumanne, 4 Machi

Hakuna aliyesema kitu. Nimefanya kazi taratibu kuliko siku zote, mpaka Mama Pacha kanitania, Bi Taratibu leo umekuwa Bi Simama. Nimecheka. Kicheko kilinitoka kama kikohozi.

Labda hazikunasa. Daktari mwenyewe husema "inaweza". Hakusema lazima.

(Daktari si daktari wa watu. Ni mkuu wa ubora, binti wa miwani, umri wa kifunguamimba wangu. Tunamwita hivyo kwa kuwa hapiti mahali bila kupima kitu. Sijui kwa nini naeleza, daftari hili nasoma mwenyewe.)


Jumamosi, 12 Aprili

Maajabu! Nimeshinda kitu.

Kampuni ya saa, ile inayonunua chipu zetu, imeleta saa kumi za wazee. Msimamizi kasema wenye wazazi watu wazima nyumbani waandike majina, ikapigwa kura. Langu likatoka la nne. Mama Pacha akanipigia vigelegele pale kantini mpaka mpishi akachungulia.

Saa yenyewe nyeusi, mkanda laini. Mzee akianguka inajua, na ikijua inapiga simu. Kitindamimba wangu ameiunganisha na simu yake, ameiweka sawa. Mama kaishika, kaigeuza, kainusa.

Kauliza, mishale yake iko wapi?

Haina mishale mama, ina namba.

Na nikianguka inamwita nani? Inamwita mjukuu wako. Na mjukuu wangu akiwa darasani? Nitatoka darasani, bibi, mwanangu akadakia. Mama kaigeuza saa tena. Halafu: Na nikianguka kwa makusudi? Nimemmiss tu?

Tumecheka hadi machozi. Na katikati ya kicheko nikaikumbuka ile rili. Nikaenda jikoni kukoroga ambacho hakikuhitaji kukorogwa.


Jumapili, 27 Aprili

Mama ameacha fimbo.

Nimeikuta nyuma ya mlango, imetundikwa taulo. Nikamuuliza fimbo inafanya nini pale. Kasema inapumzika, imefanya kazi miaka minne bila likizo. Anakwenda bombani peke yake sasa. Anashuka ngazi mbili za uani bila kushika ukuta. Nikamkemea — ndiyo, nimemkemea mama yangu mzazi! — akanionyesha mkono wenye saa. Hii hapa inaniangalia. Wewe ulikuwa unalala, hii hailali.

Nitamwambia nini? Usiiamini? Ataniuliza kwa nini, wakati ndiyo kazi inayotulisha. Nami siwezi kusema uongo mbele ya mama. Tangu nikiwa mdogo, nikisema uongo masikio yananipanda moto, anayaona.


Jumanne, 6 Mei

Leo tumekusanywa kantini kabla ya kuvaa makoti. Daktari kasimama na karatasi. Hapendi kusema mbele za watu.

Kuna saa zimerudi. Ndani chipu imelala. Saa inaonyesha saa, inaonyesha tarehe, inaonyesha kila kitu vizuri, lakini ukiitupa au ukiirusha yenyewe inaona uko kitandani umetulia.

Halafu kasoma kisa kimoja. Mzee mmoja wa kiume ameanguka bafuni asubuhi. Amekaa sakafuni mpaka mwanawe aliporudi kazini jioni. Saa iko mkononi. Haikumwita mtu.

Yu hai. Nyonga imevunjika.

Nikasema "Mungu wangu" kwa sauti. Watu wakageuka. Mama Pacha akanishika bega, akawaambia, ana mama mzee nyumbani huyu, mwacheni.

Daktari kasema chipu zilipita kwa Bembea zikiwa nzima. Kwa hiyo ziliharibika baada ya hapo. Baada ya Bembea kuna meza moja tu.

Yetu.


Jumatano, 7 Mei

Wametuita mmoja mmoja. Mimi dakika tano: umeangusha rili yoyote bila kuandika? Anayeuliza ni msimamizi, hata hajaniangalia, anaandika tayari. Nikasema hapana. Masikio yakanipanda moto. Koti lina kofia, hakuyaona.

Mama Pacha naye dakika tano. Katoka anajipepea.

Mgeni kakaa saa nzima.

Mgeni ni yule binti wa tatu mezani. Amekuja Februari, jina limemganda ingawa sasa anajua kazi kuliko sisi. Bado yuko kwenye majaribio. Majaribio yake yanaisha Jumatatu ijayo, ndipo wampe barua ya kazi au wamwambie kwaheri. Alipotoka alikwenda bomba la nje akanawa uso, akanawa tena. Nikamfuata. Kaniambia: "Mama, wanasema kabla sijaja hakukuwa na malalamiko. Kwani mimi ni mkosi?"

Nikamwambia wewe si mkosi mwanangu.

"Nilichoangusha niliandika. Mara moja, wiki ya pili. Wanasema aliyeandika moja huenda ameficha mbili. Sasa nisingeandika?"

Nikampa nusu ya mkate wangu. Nusu ya mkate! Kwa mtu ninayemzika nikiwa nimesimama juu yake. Akasema asante mama, akala.

Wakati wa kuvua makoti Mama Pacha akasema, aah, yule bado mbichi, atapata kwingine. Sisi ndio nani atatuchukua, na magoti haya yanayolia kama milango? Nikasema mm. Sikumpinga. Aibu yangu.


Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya kichekesho leo, niandike ingawa sicheki.

Baada ya kula nimemwambia mama anipe saa niisafishe. Nikaivaa mimi. Nikamwita kitindamimba chumbani, nikamwambia kaa na simu yako hapo. Nikapanda kitandani, nikasimama, nikajitupa kwenye godoro kama gunia.

Simu ikalia! Mwanangu akaruka. Nikafurahi nusura nimbusu.

Nikapanda tena. Nikajitupa. Kimya.

Tena. Kimya.

Mwanangu kasema mama, godoro ni laini, labda inajua hujaanguka kweli. Labda inajua unacheza. Nikamwambia basi nitajitupa sakafuni. Akanishika gauni: Mama! Una nini?

Mara moja imelia, mara mbili haikulia. Sasa mtu aelewe nini hapo? Saa iliyo nzima inalia mara zote au inalia ikijisikia? Sijui. Darasa la nne langu halikufika huko.

Mama kutoka sebuleni kauliza nani anahamisha makabati.

Nimemrudishia saa. Nimeirudisha na fimbo mkononi mwake pia. Kaipokea fimbo kama mtu anavyopokea barua ya kuitwa shuleni.


Ijumaa, 9 Mei

Nimesema.

Nilikwenda kabla ya kengele. Ofisi ya Daktari ina ukuta wa kioo, unaona meza zote kutoka pale, na meza zote zinakuona. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, yote yakapotea mlangoni. Nikasema tu: "Rili ya tarehe tatu Machi. Saa tisa kasoro. Niliiangusha mimi, nikaipangusa, nikaifunga."

Kavua miwani. Nilidhani atapiga kelele. Kauliza, una uhakika na tarehe? Nikamwambia nina uhakika nayo kama tarehe za kuzaliwa wanangu.

Akafungua kitabu cha kufungia, kidole kikashuka, kikasimama. Hii hapa. Akaandika namba ya rili. Akaniambia — na hapa niliketi bila kuambiwa keti — kwa kuwa siku inajulikana, rili inajulikana. Na rili ikijulikana, kampuni ya saa inajua saa zipi zilipata chipu zake. Saa elfu tatu. Wataziita zote zirudi, kila mwenye saa atapigiwa simu, kuanzia leo mchana. "Asante, mama," kasema. Asante! Ningependa angenitukana.

Nikasema, basi na Mgeni mumwache.

Hapo akawasha kile kioo chake cha kukuzia, akaniita nitazame. Chipu mbili. Juu ya kila moja kuna alama ndogo, hata sindano haiwezi kuandika vile. Kasema hii ya kushoto ni ya kundi lako. Hii ya kulia, alama yake tofauti. Kundi jingine. Wiki nyingine. Nayo imenasa vilevile.

"Zimeanguka rili mbili, mama. Ya pili ni wewe?"

Hapana.

"Basi ni nani? Mko watatu."

Nikasema sijui. Na kweli sijui.

Kundi la pili lina rili ishirini, kila moja ilifungwa siku yake, Februari mwisho hadi Machi katikati. Akijua siku, wataita saa elfu tatu. Asipojua wataita elfu sitini, na kampuni ya saa imesema wakiita elfu sitini hawatanunua kwetu hata chipu moja tena. Meza yetu itafungwa na pengine Bembea pia. Ndiyo maana wakubwa wanataka jina na siku kabla ya Jumatatu jioni. Na jina wanalo tayari kichwani. Mgeni kaambiwa abaki nyumbani mpaka Jumatatu.

Mimi nimetolewa mezani. Nakunja maboksi stoo. Hatima yangu pia Jumatatu.

Mchana Mama Pacha hakuja kula nami.


Jumamosi, 10 Mei

Mama Pacha amekuja nyumbani. Saa nne asubuhi, bila wale watoto wake pacha, na kitambaa kipya kichwani kama anakwenda kuposa.

Kakaa na mama kwanza. Utani mtindo mmoja. Mama kamwambia umenenepa, kasema ni upepo bibi, naumeza kazini bure. Mama kamwonyesha saa. Kaitazama, kaitazama tena, kasema nzuri. Sauti ikabadilika kidogo. Mimi nikasikia.

Akaniomba nimsaidie kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi! Tukaenda uani.

"Ya pili ni yangu," kasema.

Nilikuwa nimeshika shuka. Nikaendelea kuishika.

Kasema ilitokea kama yangu. Kamba ya mkononi, lori, makofi. Kasema aliiona ikidunda. Naye alikuwa na mbili kitabuni. Naye kaipangusa? Sikumuuliza hilo.

Halafu akanishika mikono yote miwili. "Mwenzangu. Wewe umeshakiri moja. Ukikiri na ya pili, adhabu ni ileile, mtu hafukuzwi mara mbili. Mgeni anapona. Mimi napona. Maji umeshayavulia nguo, yaoge yote."

Kasema tena: "Baba yao haamki kitandani, unajua. Anayetoka asubuhi pale kwangu ni mimi tu."

Najua. Najua kila kitu cha nyumba ile, kama yeye anavyojua cha kwangu. Nilipolazwa wiki tatu, wanangu walilala kwake, mmoja kushoto mmoja kulia na pacha katikati. Nilipoanza kazi sikuweza kusoma lebo, herufi na namba zimechanganyika kama zilimwagika. Yeye ndiye aliyenifundisha, wakati wa chai, kwa kidole, kwenye meza, wiki nzima, na hakumwambia mtu. Bila yeye nisingemaliza mwezi. Hata daftari hili nisingeandika.

Nikamwambia sawa, lakini nitaulizwa siku. Niambie ilikuwa siku gani.

Akaachia mikono yangu.

"Sikumbuki."

Jaribu.

"Kulikuwa na mvua. Au ilikuwa imenyesha jana yake. Sikumbuki, we mama! Wewe unaandika andika vitu, mimi naandika? Nilikuwa na usingizi wa siku tatu. Sema siku yoyote. Wanataka siku, wape siku, wanyamaze."

Nikamwambia wakipewa siku isiyo yake wataita elfu tatu zilizo nzima. Na mbovu zitabaki mikononi mwa watu, tena watu wataambiwa sasa kila kitu kiko salama.

Kasema, si zote mbovu. Rili moja labda zinanasa mia, labda hamsini. Na wazee wangapi wanaanguka? Kila mtu anaanguka kila siku?

Halafu kalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa dada yake alikuwa anapanga viti. Nimemfuta kwa shuka mbichi. Hatukujua la kufanya na mikono yetu tukaanza kuanua zile nguo kweli, zinachuruzika, tukajaza beseni, tukazianika upya.


Jumapili, 11 Mei

Nimepekua daftari hili toka Februari. Mvua nimeiandika siku sita. Sita! Na sikuandika popote kwamba mwenzangu alikuwa na sura ya mtu aliyeangusha kitu. Naandika yangu tu. Homa ya mtoto, bei ya mafuta, goti.

Nimemwambia mama. Yote, ya kwangu na ya rili. (Si ya Mama Pacha.) Nikamwomba avue saa.

Kakataa! Kasema wewe umeangusha yako, hii yangu hujaiangusha. Nikamwambia hatujapigiwa simu, lakini rili ya pili bado haijajulikana, huenda iko nzima, huenda ni mbovu, hatujui. Kasema na moyo wangu pia hatujui, tuuvue? Nikakasirika. Nikainua sauti, nikamwambia mama kuna mzee amelala sakafuni kutwa kwa ajili ya mkono wangu huu! Akautazama mkono wangu. Kauliza, amekunywa maji lini, huyo mzee? Kutwa yote, alikunywa maji?

Sijui mama.

Kafungua mkanda mwenyewe. Kaiweka mezani, uso chini. Tangu hapo hajasema nami. Anatembea na fimbo, anaigonga sakafuni kwa nguvu makusudi ili nisikie.


Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi nilipita kwa Mama Pacha tuende pamoja kama zamani. Pacha mmoja kafungua mlango, kasema mama ameshaondoka.

Mgeni yuko kwenye benchi nje ya ofisi ya Daktari. Kavaa nguo za kanisani au za harusi, sijui, za kupokea barua. Hana koti la kazi. Nilipopita akasimama. Kasema shikamoo mama. Kasema, nimesikia ulisema yako. Kisha kasema, taratibu, mama, kama kuna mtu anajua ile nyingine si yangu, hata kama hataki kusema ni ya nani, angesema tu kwamba si yangu. Hiyo tu.

Hakuniambia mimi hasa. Alikuwa anatazama viatu vyake.


Saa tano

Nimeitwa. Naandika nikiwa humu humu ofisini. Daftari lilikuwa mkobani. Daktari akirudi akiniuliza nitasema natafuta tarehe, na si uongo.

Ilikuwa hivi. Kaniambia keti, mama. Kasema, Ijumaa nilikuuliza ukasema ya pili si yako. Nakuuliza mara ya mwisho kabla sijaandika jina la yule binti nje.

Nikafungua mdomo nikidhani nitasema moja, likatoka jingine. Nikasema: "Andika mimi."

Kanitazama muda. Masikio yangu! Hapa ofisini sina kofia.

Hakusema umedanganya, wala hakusema asante safari hii. Kasukuma karatasi mbele yangu. Kasema jaza mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu kasema: "Mama, jina naweza kuishi nalo hata likiwa si lenyewe. Tarehe siwezi. Tarehe ndiyo itakayopigiwa watu simu." Simu yake ikaita, wakubwa hao, akatoka nayo. Kafunga mlango. Nadhani kafunga makusudi.

Karatasi ina mistari mitano. Jina, nimejaza. Meza, mbili. Kitu kilichoanguka, rili moja. Saa, nimeandika mchana. Tarehe.

Kupitia kioo cha mlango naona kisogo cha Mgeni. Kasuka nywele vizuri.

Kupitia ukuta wa kioo naona meza yetu. Leo kuna mtu mmoja tu. Anafunga mifuko, hainui kichwa. Mfuko, moto, boksi. Mfuko, moto, boksi. Najua ananiona. Meza zote zinaona humu.

Nimeinua karatasi kidogo. Nikaigusa kwa kalamu pale palipo wazi.

Kaona. Kasimamisha mashine.

Katazama nyuma, msimamizi hayupo. Kanitazama mimi. Halafu kainua mkono wenye glavu, chini chini, karibu na kifua. Vidole vinne.

Tarehe nne. Tarehe nne Machi. Nimeshika kalamu.

Mkono bado uko juu. Anafikiri. Naona anafikiri, midomo inahesabu. Kainua na kidole gumba.

Vitano.